Ondoa Nime, Weka Nda

Mwaka 1996 pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, kazi ya kukaa ilikuwa kitu cha kutazamwa. Wanaume wengi wa kambi walikanyaga udongo wa matofali, au walilima mashamba ya Wamalawi kwa kibarua cha siku, kile wenyeji wanachokiita ganyu. Épitace alikuwa na kazi ya kukaa. Alikaa nyuma ya cherehani katika karakana ya makochi huko Area 47, Lilongwe, akishona vitambaa vya kuvalisha viti. Jumamosi alirudi kambini juu ya gari la mizigo, suruali haina tone la udongo, na Jumapili baada ya ibada watu walimfuata kumuuliza.

Walimuuliza wafanye nini na wao wapate kazi ya maana. Épitace alikuwa tanboi wa malori kwao Rumonge, Burundi, na shule aliiacha darasa la nne. Lakini mtu akiulizwa kila Jumapili, mwisho anaanza kuamini kwamba anajua. Alikuwa na majibu ya haraka. Usikae kimya. Mtazame bosi machoni. Kazi usiyoipenda inakula mwili, iseme kabla haijakumaliza. Aliyasema hayo mbele ya nyumba yake, amekunja mguu mmoja juu ya mwingine, na Vénérande, mke wake, akipitisha chai.

Jambo ambalo hakumwambia mtu ni kwamba cherehani yenyewe hakuijua vizuri. Fundi wa zamani alipoondoka ghafla, Épitace ndiye aliyekuwa karibu na kiti, akakikalia. Mishono yake ilipinda kwenye kona. Bwana Sikelo, Mmalawi mwenye karakana, alikuwa akipitisha kidole juu ya mshono na kusema, "Hm." Hakusema zaidi. Lakini ile "Hm" ilimkaa Épitace kifuani hadi jioni.

Halafu akaja Lwaboshi.

Lwaboshi alikuwa Mzaire wa Uvira, fundi wa nguo, fundi kweli, mtu wa suti za harusi na majoho ya kwaya. Épitace mwenyewe ndiye aliyempeleka Area 47 kumwombea kazi. Njiani, juu ya gari, upepo ukiwapiga usoni, Lwaboshi alimsimulia habari za cherehani zake mbili alizoziacha Uvira kama mtu anayesimulia habari za ng'ombe wake. Walipofika, Bwana Sikelo aliuliza, "Huyu anajua nini?" Lwaboshi hakuwa na Kichewa, lugha ya wenyeji, wala Kiingereza. Épitace akamjibia.

"Ana nguvu, bwana."

Haukuwa uongo. Lwaboshi alikuwa na nguvu. Akapewa msasa, akawekwa nje chini ya bati, asugue mbao.

Alisugua msimu mzima wa mvua. Baridi ilipoingia, alikuwa anakohoa. Jumapili moja akaja kwa Épitace pamoja na mkewe Rosalie, wakakaa kwenye kigogo kama wagonjwa mbele ya daktari.

"Mukubwa, mi nimechoka," alisema Lwaboshi. "Nimechoka hata na kuchoka."

"Kazi gani haichoshi?"

"Apana, si mwili. Mi nikishona naweza kushona mpaka jua inaingia, na sisikii kitu. Lakini hii ya msasa, asubui njo inaanza, mi tayari iko naangalia jua kama itazama lini. Naichukia mbao. Mbao haijanifanya kitu, lakini naichukia."

"Anakohoa kama pikipiki ya padri," alisema Rosalie. "Batoto banamuigiza."

"Muache, mama Cadeau, tuko na maneno ya kazi," Lwaboshi alimwambia mkewe.

"Na kikohozi si ya kazi? Uliipata wapi, ku harusi?"

Vénérande alicheka, na Épitace naye akacheka. Kisha akakunja mguu wake.

"Umwambie bosi," alisema. "Hapa Malawi mtu akinyamaza wanadhani amefurahi. Umwambie wazi."

"Nimwambie mi iko fundi wa mashini?"

Karakana ilikuwa na cherehani moja. Kichwani Épitace alimwona Bwana Sikelo akipitisha kidole juu ya mshono wa Lwaboshi, na kidole hakikwami popote.

"Hiyo baadaye," alisema. "Ukianza kwa kuomba kiti, ataona una tamaa. Kwanza mwambie umechoka. Yeye mwenyewe atauliza, sasa unataka nini? Hapo ndipo tutaona."

"Kiti ni yako, mukubwa! Nani anaitaka? We ukae, mi nishone hata nimesimama." Lwaboshi alicheka bila ubaya wowote. "Basi nitamwambia na luga gani?"

Hapo Épitace alirudi mahali alipojiamini. "Kichewa ni Kiswahili kilichovaa koti lingine. Ondoa nime, weka nda. Nimefika?"

"Ndafika."

"Umeona! Nimemaliza?"

"Ndamaliza."

"Nimeona?"

"Ndaona!"

"Nimechoka?"

"Ndachoka!" alisema Lwaboshi, na Rosalie akapiga makofi.

"Kumbe njo hivi tu!" alisema Rosalie. "Na sisi tunaogopa hawa bantu bure."

"Useme kwa sauti," alisema Épitace. "Usiseme kama mwizi. Mtazame machoni."

Jumatatu asubuhi Lwaboshi aliweka msasa chini, akakung'uta vumbi, akaenda kusimama mbele ya Bwana Sikelo katikati ya karakana. Épitace aliacha kukanyaga cherehani ili asikie.

"Bwana," alisema Lwaboshi kwa sauti ya mhubiri, "ndachoka."

Bwana Sikelo aliinua kichwa. "Wachoka?"

"Inde, bwana. Ndachoka kwambiri!"

Bwana Sikelo akamgeukia Épitace na kumuuliza kwa Kichewa kama ni kweli, mwenzake huyu wachoka kwenye kazi hii. Na Épitace, aliyejua kweli kwamba mwenzake amechoka, akaitikia kwa kichwa. "Inde, bwana. Wachoka."

"Chabwino," alisema Bwana Sikelo. Neno lilikuwa la kukubali, lakini uso ulikuwa umekunjamana. "Pitani."

Lwaboshi aling'aa. Kwao, mtu akikuambia upite, anakukaribisha. Alipita. Alimpita Bwana Sikelo pembeni, akaingia ndani kabisa, kwenye kile chumba kidogo chenye kalenda na birika, akakaa kwenye kiti cha wageni na kuweka mikono magotini.

"Choka!" Bwana Sikelo alipiga kelele akimfuata. "Choka muno!"

"Ee bwana, ndachoka!" alijibu Lwaboshi, akifurahi kwamba sasa wanaelewana.

Waliosikia walicheka hadi wakashika meza. Bwana Sikelo hakucheka. Alimshika Lwaboshi mkono, akamtoa mpaka getini, akafunga. Lwaboshi alisimama nje akitazama ndani kupitia mwanya wa mabati. Épitace alidhani bosi amekasirishwa na mtu kulalamika. Alitaka kuinuka aende akaseme neno. Akajiambia aache kwanza hasira zipoe, akakanyaga cherehani. Na katika kukanyaga kwake alihisi kitu ambacho baadaye hakuweza kukisahau. Alihisi nafuu.

"Watu wenu wana kiburi," Bwana Sikelo alimwambia mchana. "Nimempa kazi bila kumuuliza karatasi, leo ananifanyia hivi. Niletee mwingine."

Akaletwa Télesphore, mdogo wake Vénérande, aliyekuwa ameanza kukata tamaa kwenye matofali. Jumamosi hiyo Vénérande alipika maharage yenye mafuta mengi, na Épitace alipewa sahani ya kwanza.

Pembeni ya karakana kulikuwa na mama mmoja aliyeuza nsima, ugali wa Wamalawi, chini ya mti wa mpapai. Siku moja Épitace alimaliza kula, akajinyoosha mgongo na kusema, "Mayi, ndachoka."

Mama alimtazama. "Mwachoka kuti?"

Alikuwa anamuuliza ametoka wapi. Épitace hakuelewa, akaonyesha kwa kidole kule karakanani.

Mama akashangaa, akamuuliza kama na yeye ameacha kazi, kama yule mwenzake aliyekuwa akikohoa. Maana yule naye, alisema mama, watu wote walimsikia akisema kwa kinywa chake kwamba ameacha.

"Hapana, mayi, hakuacha. Alisema amechoka. Mwili." Épitace alijipiga mabega, akalegeza shingo, akafumba macho kuonyesha uchovu.

"Aa! Watopa," alisema mama, akilegeza shingo kama yeye. "Ndatopa! Iwe unati ndachoka." Alikuwa bado anacheka kosa hilo la neno wakati mbwa mmoja alipokuja kunusa chungu. Mama akainua mwiko. "Choka!"

Mbwa akaondoka.

Épitace alimtazama yule mbwa akivuka barabara. Mbwa alijua Kichewa kuliko yeye. Aliona tena yote, mstari kwa mstari. Lwaboshi amesimama katikati ya karakana akimwambia bosi machoni, kwa sauti, nimeondoka. Nimeondoka kabisa. Na yeye Épitace, shahidi, alipoulizwa alisema, ndiyo bwana, ameondoka.

Alirudi kwenye cherehani na siku ile hakushona kitu kilichonyooka.

Kumwambia Bwana Sikelo lilikuwa jambo la dakika moja tu. Alijiambia atamwambia kesho. Kesho Bwana Sikelo alikuwa na wateja. Siku iliyofuata Télesphore alimletea muwa, akasema, "Shemeji, umenitoa kwenye tope," na Épitace akala muwa. Jumamosi hakurudi kambini, alisingizia kazi nyingi. Hakutaka kukutana na Rosalie kisimani.

Kisha uzi ukaisha, akatumwa Tsoka, soko la Old Town. Alikuwa amesimama kwa muuza nyuzi aliposikia kikohozi nyuma yake. Alikijua kabla ya kugeuka.

Lwaboshi alikuwa na gunia la kabichi kichwani. Aliliteremsha, akamshika Épitace mikono yote miwili. Viganja vyake, vilivyokuwa laini kama vya mwanamke alipotoka Uvira, vilikuwa vimepasuka.

"Mukubwa! Tulisema umetutupa!"

"Kazi nyingi," alisema Épitace. "Uko hapa siku hizi?"

"Niko nabeba. Bantu ba hapa banasema hii jina Tsoka ni bahati mbaya. Nikasema basi njo soko yangu." Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Rosalie iko salama. Batoto bamekonda kidogo, lakini iko."

"Lwaboshi, ile siku..."

"Achana na ile siku. We ulinishauri muzuri. Ulinifundisha mpaka luga. Ni yule bwana njo mubaya, ananiambia nipite, nikipita ananifukuza. Iko na wazimu ule." Alimpigapiga begani. "Na Télesphore amepata, sivyo? Nilisikia. Nikafurahi. Afazali ikule mtu wako kuliko mtu tusiyemujua."

Hapo ndipo Épitace alipaswa kusema. Mwenye kabichi aliita kwa hasira, Lwaboshi akachuchumaa, akaingiza kichwa chini ya gunia, akaenda. Épitace alilipia uzi. Alikuwa amechukua rangi isiyotakiwa, na hakugundua mpaka alipofika karakanani.

Jumamosi alirudi Dzaleka. Alimweleza Vénérande yote, tangu ile "ana nguvu, bwana" hadi kabichi. Vénérande alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha kupepeta.

"Kosa la neno," alisema. "Mungu anajua kwamba hukulijua lile neno."

"Neno sikulijua. Kiti nilikijua."

"Kiti gani?"

"Aliniuliza, nimwambie mimi ni fundi wa cherehani? Nikamwambia baadaye. Kama ningemwacha aseme hilo, lile neno lisingehitajika."

Vénérande aliweka ungo chini. "Na Télesphore?"

Épitace aliokota punje ya mchele iliyoanguka.

"Mimi nakuuliza wewe, mshauri wa kambi nzima. Kila Jumapili unawapanga watu wa watu. Mpange na ndugu yangu nisikie. Atakwenda wapi?"

"Sijui."

"Basi usiniambie mambo ya dhamira," alisema Vénérande. "Dhamira yako inakula sahani ya ndugu yangu." Akachukua ungo, akaenda kupepetea upande wa pili wa nyumba.

Jumatatu Épitace hakukaa kwenye kiti. Alisimama pale pale aliposimama Lwaboshi, katikati ya karakana, na kwa Kichewa chake kibovu, akitumia mikono inapobidi, akamweleza Bwana Sikelo kwamba yule mtu hakuacha kazi. Alitaka kusema amechoka mwili. Neno alifundishwa vibaya.

"Na nani?"

"Na mimi."

Bwana Sikelo alicheka kwanza. Alikumbuka yule mtu alivyokaa kwenye kiti cha wageni, akacheka hadi akafuta macho. "Nikasema choka, akasema ee bwana!" Halafu akaacha kucheka. "Sasa nafanyaje? Msasa una mtu."

"Yule si mtu wa msasa, bwana. Ni fundi wa nguo. Anashona kuliko mimi. Ulipouliza anajua nini, sikukwambia."

Bwana Sikelo alienda kwenye kochi lililokuwa limemalizika wiki iliyopita. Akapitisha kidole kwenye kona. "Hm," alisema. Kisha, kwa mara ya kwanza, akaendelea. "Mwaka mzima nauza makochi yaliyoshonwa na kuku, na fundi yuko nje anapigwa vumbi."

"Ndiyo, bwana."

"Cherehani ni moja."

"Ndiyo. Mimi nitapiga msasa."

"Wapiga msasa wawili siwezi." Bwana Sikelo aliangalia nje chini ya bati, ambako Télesphore alikuwa ameacha kusugua. "Mmoja. Chagueni wenyewe."

Épitace alisema, "Bwana, basi abaki yeye." Aliyasema hayo kwa sauti ndogo, ile aliyowakataza watu kusema nayo. Lakini Télesphore alikuwa amekwisha kuning'iniza msasa kwenye msumari na kuvaa shati. Alisema kwa Kirundi kwamba hatakula kazi ya mtu halafu aile na ya shemeji yake juu yake. Kuna mashamba Nathenje, alisema, atalima. Hakumpa Épitace mkono.

Épitace alimkuta Lwaboshi Tsoka, amekaa juu ya gunia akingoja mzigo. Alianza na neno. Akamweleza ndachoka ni nini, na choka ni nini, na kwamba pitani ni nenda, na mbwa wa mama wa nsima. Lwaboshi alicheka mpaka akateleza kutoka juu ya gunia.

"Ngoja, ngoja! Dzaleka, si bantu banasema ni 'nitaacha'? Na ndachoka ni 'nimeondoka'? Basi hii luga yote iko ya kuacha!" Alijipiga paja. "Na mi nikaingia mpaka ku birika! Nikakaa!"

"Kuna lingine," alisema Épitace.

Akamwambia lile lingine. Lwaboshi alicheka kidogo zaidi, kama gari lililozimwa ambalo bado linakwenda, kisha kicheko kikasimama.

"Siku ile ku gari, nilikuambia mi iko fundi."

"Uliniambia."

"Na bwana aliuliza mi najua nini."

"Aliuliza."

"We ukasema nini?"

"Nilisema una nguvu."

Lwaboshi aliutazama mzigo uliokuwa unaletwa, viazi safari hii. Akachuchumaa, akaingiza kichwa chini yake, akainuka. Mishipa ya shingo ilimsimama.

"Basi ulisema kweli," alisema. "Ona."

Akaupeleka. Épitace alimngoja pale pale kwenye jua. Lwaboshi alirudi, akachukua shati lake kwenye mkokoteni, wakaenda Area 47 kwa miguu, mmoja mbele, mwingine nyuma.

Bwana Sikelo alimpa kitambaa cha kochi kubwa, lenye kona za mviringo. Lwaboshi alifuta cherehani kwanza, akaitia mafuta sehemu ambazo Épitace hakujua kwamba zinahitaji mafuta. Aliposhona, karakana ilisikia mlio mwingine kabisa, laini na wa mfululizo. Bwana Sikelo alipitisha kidole. Hakusema "Hm." Alikwenda kunywa chai.

Épitace anapiga msasa sasa. Vumbi lilivyo, Lwaboshi hakulisimulia nusu. Nyumbani Vénérande anampa chakula na kumwambia habari za maji na kuni, si zaidi, na jina la Nathenje halitajwi. Jumapili bado anakuja mtu mmojammoja kuuliza. Épitace hakunji tena mguu. Anauliza, "Wewe unajua kufanya nini?" Mtu akishasema, anamwambia, "Basi hilo ulitamke mwenyewe. Usimwachie mtu akujibie." Wengi wanaondoka wakiona ushauri umekuwa mfupi.

Lwaboshi huimba akishona, nyimbo za kwaya ya Uvira, anazikosea maneno na hajali. Hakumshukuru Épitace, hakumtukana. Wiki nyingi hawakuzungumza ila mambo ya kitambaa. Kisha jioni moja ya baridi alitoka nje kukung'uta vipande, akamkuta Épitace ameinamia ubao, nyusi nyeupe, anakohoa.

"Mukubwa," alisema. "Umechoka?"

Épitace alimtazama machoni. Aliona kona ya mdomo wa Lwaboshi ikitetemeka, kicheko au kitu kingine, hakujua. Akashika msasa vizuri.

"Ndatopa," alisema.